Magunia nabeba nao, mbona hawaniamini?

KAZINI NA SHANGAZI

Toleo hili nina barua tatu na zote zimetoka huku kwetu Kusini. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida, maana tangu niifungue imenikaa moyoni.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni msimamizi wa shifti kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara, jina naomba usiliweke. Tuko watu kama 140, wengi kina mama na wanalipwa kwa kilo, ukibangua nyingi unapata nyingi. Sasa hali imekuwa ngumu, korosho ghafi zilizobaki ghalani ni za wiki tatu tu, minada imeshafungwa, mwenye kiwanda yuko Dar na kila tukimpigia anasema tulieni mzigo unakuja, na malipo ya kina mama yamekwama mwezi wa pili huu. Meneja amenikataza kabisa kuwaambia habari za ghala. Mi nikajiambia kiongozi lazima awe mfano, nikaanza kuingia saa 12 asubuhi kabla ya wote, nafagia, nabeba magunia na vijana wa upakiaji, mchana nakula nao wali maharage pale nje wakati zamani nilikuwa nakula ofisini. Nikadhani watanielewa. Wapi, wananuna tu, na Alhamisi iliyopita mama mmoja mtu mzima wa kwenye meza za kumenya akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, magunia tunakuona unabeba, na mshahara wako nao umechelewa?" Shangazi nikakosa la kusema, kwa sababu sisi wasimamizi na watu wa ofisini tumelipwa tarehe 28 kama kawaida, miezi yote miwili. Toka siku hiyo hata salamu wananipa za shingo upande. Nifanye nini tena zaidi ya haya?
Msimamizi, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana barua yako nimeisoma mara mbili na naona kabisa siku hizi hulali vizuri. Ila tuanze na yule mama, kwa sababu kwa swali lake moja amekigusa kitu ambacho we umekizunguka barua nzima ukaja kukitaja karibu na mwisho. Kinachowabana wale kina mama ni hela. Hakuna aliyekulalamikia kuwa magunia ni mazito au uwanja mchafu, wanachojua ni kwamba jioni wanarudi nyumbani mikono mitupu, mwenye duka ameshafunga daftari la mkopo, mtoto shule anadaiwa mchango, na mtu anayewaambia tuvumilie ameshavuta chake tarehe 28. We umeenda kujitesa pembeni, mahali ambapo wao hawaumii, afu unasubiri wakuonee huruma.

Na hilo la magunia lina jambo lingine ambalo nadhani hujaliangalia. Kama kiwanda chenu kinaenda kama vingi ninavyovijua, wale vijana wa upakiaji wanalipwa kwa gunia. Gunia moja la korosho ghafi ni kilo 80 hivi, ukibeba kumi kwa siku hayo ni magunia kumi ambayo kuna kijana alikuwa anayategemea, we unadhani unamsaidia kumbe unamega riziki yake, na kukuambia hawezi kwa sababu we ni bosi wake. Acha magunia mwanangu. Rudi kwenye kazi ambayo we ndo umewekwa pale uifanye na hakuna mwingine wa kuifanya.

Sikulaumu, mi mwenyewe nimepita hapo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani wa mishahara kwenye kampuni moja ya usafirishaji kule Lindi. Ikaja masika mbaya, magari yakalala, hela ikawa haitoshi watu wote, na mi ndo nilikuwa naandaa orodha ya malipo. Kidogo kilichoingia nikakipanga, jina langu likaangukia kundi la kwanza, bosi akasaini bila kuangalia. Sikuiba kitu, ulikuwa mshahara wangu halali. Sasa getini tulikuwa na mlinzi, mzee mmoja ambaye kila asubuhi akifungua geti lazima aseme "karibu mwanangu, umeamkaje". Akajua. Sijui nani alimwambia, ofisi zetu hizi hazina siri. Kesho yake akafungua geti, akanitazama, afu akarudisha macho kwenye kufuli. Hakunitukana wala hakuninunia kwa maneno, geti aliendelea kunifungulia vizuri kabisa, ila kila siku macho yako kwenye kufuli. Ile "umeamkaje" ilinichukua karibu mwaka kurudishiwa, na ni baada ya kumwendea mwenyewe nikamwambia mzee nilikosea, jina langu lilitakiwa kukaa chini ya lako.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni mpangilio wa hela. Nenda kwa meneja wiki hii hii, usingoje tarehe 28 nyingine, umwombe hela yoyote itakayoingia ianzie chini: kwanza hawa wanaolipwa kwa kilo, halafu vibarua wengine na walinzi, halafu nyinyi wasimamizi, halafu yeye, na mwenye kiwanda awe wa mwisho kabisa. Mwambie na uandike kwenye karatasi kwamba mshahara wako wa mwezi huu usitoke mpaka kina mama wapate angalau mwezi mmoja. Najua una watoto na kodi ya nyumba, kama huwezi wote sema nusu, ila iwe nusu ya kweli na iwe kabla hujaipokea, siyo baada. Wasimamizi wenzako usiwalazimishe, mshahara ni haki ya mtu na sheria hairuhusu mwajiri amkate mtu kienyeji bila kukubali kwa maandishi, we ongelea wa kwako tu. Na usiende kutangaza kwenye grupu la wasapu. Yule mama akikuuliza tena utamjibu, "Ndio mama, na wangu umesimama." Basi.

Tunaye mtu wa karibu wa kumtazama kwenye hili. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa malipo ya asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangeanza nao kazi, na wakawa wanawanyooshea kidole viongozi kwamba wao mishahara yao minono haiguswi. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika kwelikweli, wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao, na kwenye hilo la kuwarudisha tunaweza kubishana mpaka kesho. Ila palepale mbele yao alikubali kwamba kwenye mishahara wana hoja, akasema wa kwake anaukata asilimia 20, ukashuka kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi hadi 4,000, na ya viongozi wengine wa serikali nayo ikakatwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha kuwaambia viongozi wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Angeweza kwenda kulima na wale vijana mchana mmoja akapigwa picha na jembe. Aligusa palepale walipokuwa wananyooshea kidole.

Kitu cha pili ni ukweli, na hapa najua ndo pagumu kuliko hata hela, kwa sababu meneja amekufunga mdomo. Mwanangu, wale kina mama wanajua. Mtu anayebangua kila siku anaona foleni ya magunia ghalani inavyopungua, anaona tanuri la kukaushia linawashwa mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, anasikia meneja anavyoongea na simu kwa sauti ya chini. Wanachokosa ni tarehe tu na namba, na mtu asipopewa namba anajitungia yake, na ya kujitungia siku zote ni mbaya kuliko ya kweli. Rudi kwa meneja umwambie, mkuu mi sitawadanganya, nakuomba Ijumaa uje mwenyewe usimame useme ghala lina mzigo wa wiki ngapi, deni la malipo ni kiasi gani, tajiri amesema nini. Akikataa, we usivujishe siri za ofisi kwenye vibaraza, ila ukiulizwa usiseme uongo. Sema "hilo sijaruhusiwa kulisema, nimeomba meneja aje aseme mwenyewe, Ijumaa saa 8 mchana ntarudi hapa kuwaambia amejibu nini." Na hiyo Ijumaa saa 8 uwepo hata kama huna jibu. Hasa kama huna jibu. Wasimamizi wengi wakikosa la kusema wanajificha ofisini, na hapo ndo watu wanakata tamaa kabisa.

Afu mkumbushe meneja kwa heshima kwamba kama kuna mpango wa kupunguza watu, kunyamaza siyo hiari yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa kabla, aeleze sababu, akae na chama chao au na wao wenyewe wajadiliane namna ya kuepuka, nani ataguswa na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo gani. Aliyefanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi akipunguzwa ana kiinua mgongo, si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, isizidi miaka 10. Kina mama wa kulipwa kwa kilo mikataba yao mara nyingi ina utata, wengine hawana hata karatasi, kwa hiyo waende TUICO, kile chama cha wafanyakazi wa viwandani, au ofisi ya kazi mapema waulize wanasimama wapi. Na waangalie NSSF kama michango yao inafika kweli, hilo lisisubiri kiwanda kufungwa. Mambo yakiharibika, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina muda wake: la kuachishwa kazi ni siku 30, madai mengine kama ya malipo ni siku 60. Nimeona watu wakikaa miezi sita wanasubiri huruma ya tajiri, siku wanaenda kulalamika wanaanza kwanza kuomba radhi ya kuchelewa.

We kama msimamizi hapa una kazi nzuri sana ya kufanya, tena ya kwako kabisa. Simama kwenye mizani. Kipindi cha njaa mizani ndo inageuka adui, kila mtu anahisi anapunjwa, na karani akikadiria gramu 200 za mtu aliyeshinda anabangua mpaka vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda, yule mtu anaumia kuliko hata deni la miezi miwili. Kila jioni kaa pale, mwache mama asome namba mwenyewe, iandikwe kwenye daftari la kiwanda na kwenye kidaftari chake, korosho nzima mbali na zilizovunjika mbali, na we usaini vyote viwili. Siku hela ikija, au siku wakifika kwa msuluhishi, kile kidaftari ndo kitaongea. Na glovu jamani. Kama glovu zimekatika kwa sababu hela hamna, basi hata mtu wa ofisini akipita kwenye meza asivae mpya wakati waliokaa pale wanajipaka majivu.

Sasa nikuambie na upande wa pili ili usije ukadhani ukikosa mshahara kiwanda kitapona. Japani kulikuwa na bosi wa shirika la ndege la Japan Airlines, Haruka Nishimatsu, dunia nzima ilimsifia: anapanda basi kwenda kazini, anakula kantini na wafanyakazi, mshahara wake ameushusha chini ya wa rubani. Mtu mwema, na sina shaka alimaanisha. Januari 2010 shirika likafilisika. Akaja mzee Kazuo Inamori, ana miaka 78, akafanya kazi bila mshahara kabisa, lakini yeye alikaa na wakuu wa idara kwenye mahesabu namba kwa namba, zikafutwa njia zisizolipa, na watu wengi sana wakapoteza kazi, kama theluthi moja ya wafanyakazi wote. Septemba 2012 hisa zao zikarudi sokoni. Wote wawili walijinyima, ila wa pili alijinyima na hesabu ngumu akaifungua mezani. Kwa hiyo wakati unaomba mshahara wako usimame, muulize na meneja hilo swali la mzigo: kama minada imefungwa, hizo korosho tajiri anazosema zinakuja zinatoka wapi, kwa nani, kwa bei gani? Korosho yetu nyingi inanunuliwa ghafi inapakiwa melini kwenda India na Vietnam, ikishaondoka imeondoka. Asipokuwa na jibu la hapo, nadhani we na kina mama wote mnatakiwa kulijua hilo leo, ili anayeweza kurudi shambani kwake arudi mapema na anayeweza kuanza biashara ya samaki Mikindani aanze akiwa bado ana nguvu.

Na yule mama aliyekuuliza, mwendee. Usimwite ofisini, mfuate mezani kwake, kaa kwenye ndoo kama wanavyokaa wao, umwambie "mama uliniuliza Alhamisi nikanyamaza, jibu ni kwamba mimi nililipwa." Atakuambia maneno, mengine makali. Yasikilize yote mpaka amalize.

SWALI: Shangazi habari. Niko Lindi mjini, nasimamia duka la jumla, vijana sita wako chini yangu. Mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mzigo ukawa hauji, bosi akasema tuuze kwa kipimo, kila mteja mfuko mmoja wa sukari. Mi nikaweka pembeni mifuko miwili kwa ajili ya nyumbani na kwa dada yangu, na hela yake nililipa kabisa, risiti ipo. Toka hapo kila kukiwa na bidhaa adimu vijana wanajiwekea zao chini ya kaunta, nikiwagombeza wananitazama tu. Nilikosea wapi wakati nililipa?
Wa Lindi

JIBU: Ulikosea kwenye mfuko wa pili. Kipimo kilikuwa kimoja, we ukajipa viwili, na vijana wako walikuwa wanamrudisha mlangoni mtu aliyetembea kwa mguu kutoka mbali huku wanaiona ile mifuko yako imeegemea ukutani. Kulipa ulilipa, hilo nakubali, ila siku ile hela karibu kila mtu alikuwa nayo, kilichokuwa hakipo ni sukari. Nakumbuka wiki ile vizuri, sisi wa huku Kusini barabara hiyo ikikatika tunakuwa kama kisiwa, na mtu anayeshika ufunguo wa stoo ndo anakuwa mkubwa kuliko hata diwani.

Kuwagombeza hakutasaidia mpaka uanze na la kwako. Waite asubuhi kabla ya kufungua duka, waambie mwaka ule nilichukua viwili wakati watu wanapewa kimoja, sikutenda haki. Halafu wekeni utaratibu wa siku za shida sasa hivi wakati hakuna shida: mfanyakazi ana kipimo kilekile cha mteja, ananunua baada ya saa ya kufunga, kwenye daftari, na jina lako liwe la mwisho kwenye hiyo orodha. Dada yako apange foleni kama watu wengine, mwambie mapema asije akakununia. Halafu ikija siku ya uhaba, na pwani hii vimbunga tumeshaanza kuvizoea, 2019 tulikaa roho juu na Kenneth kabla hakijageukia Msumbiji, siku hiyo ukikuta umefika zamu yako na kitu kimeisha, rudi nyumbani bila kitu. Vijana watakuwa wanaangalia, we usiwaangalie.

SWALI: Shangazi, tuko Masasi, bosi wetu alituita mwezi wa kwanza akasema tufunge mikanda kampuni ina hali mbaya, posho ya chakula ikafutwa. Juzi amekuja na gari jipya. Tunataka kugoma. Unasemaje?
Sisi watano

JIBU: Hasira yenu naielewa na gari limekuja wakati mbaya sana, hata kama alishalilipia mwaka jana au ni la mkopo alitakiwa kuwaambia kabla halijaingia getini. Ila msigome kwa sababu ya gari. Mgomo una taratibu zake kisheria, mkienda kienyeji mtampa sababu ya kuwaondoa nyote watano. Chagueni mmoja anayeongea kwa utulivu, aende akamuulize vitu viwili: posho inarudi lini, na kufunga mkanda huku kumemgusa nani mwingine pale ofisini zaidi ya sisi. Akijibu, jibu liandikwe na tarehe yake, asaini. Akikataa kusaini niandikieni tena, tutaongea habari ya chama cha wafanyakazi.